Nimejaribu waya nne za spika hapa Mtwara, kuanzia ya mia tano mpaka ya laki na ishirini

Niseme mapema mi sio fundi redio, mi ni mtu napenda muziki tu, na nina amplifaya ya zamani ya Pioneer nimeachiwa na mjomba alipohamia Masasi pamoja na spika zake mbili za mbao za inchi 8, zile nzito ambazo ukizibeba peke yako kesho yake unaamka umeshika kiuno. Nakaa Shangani, upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni, hilo likumbuke maana litarudi huko mbele.

Tatizo lilianza hivi. Kama miezi mitatu nyuma nikawa nasikia spika ya kulia iko chini kuliko ya kushoto. Sio sana, kidogo tu, ila ukishaisikia mara moja basi huwezi tena kutoisikia. Yaani mwimbaji anatakiwa akae katikati, pale juu ya TV, ye akawa amesogea kushoto kama kuna mtu kamwita. Nikazungusha balansi ikakaa sawa, ila besi ya kulia ikawa imelegea, inavimba tu haina ncha. Nikabadilisha spika, ya kulia nikaipeleka kushoto, tatizo likabaki kulekule kulia. Nikageuza chaneli huku nyuma ya amplifaya, bado kulia. Sasa kama sio spika na sio amplifaya imebaki nini? Waya.

Sebule yangu iko hivi, kabati la redio liko kona ya kushoto, kwaiyo spika ya kushoto inatumia waya wa mita 3 tu. Ya kulia iko ng'ambo ya mlango, na mama watoto alishasema siku nyingi hataki kuona waya unakatiza mlangoni, kwaiyo waya unapanda ukutani, unapita juu ya fremu, unashuka upande wa pili, jumla mita 9. Na waya wenyewe ndo ule mwembamba mwekundu na mweusi unaokuja na sabufa, ukiumenya ndani unakuta vinyuzi kama nywele za mtoto. Alafu katikati ulikuwa na kiungio nilichokifunga mwenyewe mwaka juzi, nimesokota na kupiga tepu. Nikafungua ile tepu. Aisee. Kopa ilikuwa ya kijani, ile kijani ya senti ya zamani iliyokaa shimoni, nimeigusa kidogo tu nusu ya nyuzi zikabaki kwenye kidole. Hiyo ni chumvi ya bahari, ndo hiyohiyo inayokula bawaba na mabati yetu, haiwezi kuacha waya.

Hapo ndo nikasema basi ngoja nifanye kazi hii kiume, nijaribu waya zote ninazoweza kupata niwaambie na nyie, maana msimu wa korosho ukilipa vizuri huku kusini kila nyumba inaingia redio mpya na watu wanauziwa waya hovyo.

Waya wa kwanza ni huohuo wa sabufa, madukani unauzwa mia tano kwa mita, mahali pengine ukinunua redio unapewa bure. Jirani yangu fundi ana mita ya kupimia umeme, akanifundisha kitu rahisi sana: unaunganisha ncha mbili za mwisho pamoja, unapima huku mwanzoni, mita inakupa ukinzani wa kwenda na kurudi, yaani waya unauzuia umeme kiasi gani, unahesabiwa kwa omu. Ila kwanza gusanisha zile pini za mita zenyewe uone inasema ngapi, maana ya kwake inasema 0.4 kabla hata hujapima kitu, hiyo unaitoa. Waya wa mita 9, bila kile kiungio kibovu, ukatoa omu 1.3. Na kiungio? 2 na ushee, na ukiutingisha inapanda inashuka. Sasa spika yangu ni ya omu 8. Wenye mambo yao wanasema ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika, yaani kwangu mimi 0.4. Mi nilikuwa na mara tatu yake bila kuhesabu kutu. Kwaiyo sehemu ya nguvu ya amplifaya ilikuwa inaishia ukutani inapasha waya, na amplifaya inashindwa kuishika ile koni ya spika isimame inapotakiwa kusimama, ndo maana besi inavimba. Kumbe sikuwa na wazimu.

Ukweli usemwe lakini, waya huohuo kwenye mita 3 ya kushoto haukuwa na shida yoyote ya maana. Unatoa kama 0.4 tu. Watu wengi sebule zao ni ndogo, spika ziko ubavuni mwa TV, hawa wala wasihangaike, wapunguze tu urefu wakate kile kirundo walichokizungusha nyuma ya kabati.

Waya wa pili ndo ulionitia hasira. Mnene, plastiki yake ya kuonyesha ndani, upande mmoja unang'aa rangi ya kopa na mwingine rangi ya fedha, ukiushika unasema hapa ndo penyewe. Elfu moja na mia tano kwa mita. Muuzaji, duka silitaji, akaniapia kwamba ni kopa tupu mia kwa mia, nikakata mita 12. Nikiwa njiani nikawa naona mbona fuko jepesi? Kufika nyumbani nikachukua wembe nikakwangua uzi mmoja taratibu, rangi ya kopa ikatoka kama rangi ya kucha, ndani mweupe. Alumini. Nikachukua kiberiti cha gesi nikauweka uzi kwenye moto, ukajikunja ukakatika palepale, wakati uzi wa kopa ya kweli ukiuweka unaiva mwekundu, unageuka mweusi, basi, umesimama. Ukitaka mtu ambae hadanganywi kopa nenda kwa wale wanunuzi wa vyuma chakavu, wao wanakwangua kwanza ndo wanaongea bei, sijui kwanini sisi tunaonunua waya mpya tunaona aibu kukwangua.

Nitende haki hapa. Waya wa alumini uliopakwa kopa sio kwamba haupigi. Unapiga. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 ya kopa, kwaiyo ukichukua wa 2.5 wa alumini (hizo ni milimita za mraba, unene wa waya) unakaribiana na 1.5 ya kopa. Wangu ulivyo mnene ukatoa omu 0.3 kwenye mita 9, ndani ya mstari kabisa, na spika ya kulia ikarudi kwenye uhai. Kama unaishi Dodoma huko kwenye ukavu sawa, nunua, ila ulipe bei ya alumini. Huku pwani mi sishauri. Hizo nyuzi zinakatika ukizikunja mara mbili tatu, risasi ya kulehemu inakataa kushika ile ngozi ya kopa ikishatoka, na pale ulipoumenya ambapo alumini na kopa zimekaa pamoja ikipata unyevu wa chumvi zinaanza kulana zenyewe kwa zenyewe. Nilipomrudia muuzaji akanambia "bosi wangu, mbona wote wanauza huohuo". Pesa hakurudisha.

Wa tatu sasa. Huu sio waya wa spika kabisa, ni waya wa umeme, fleksibo ya kore mbili (waya mbili ndani ya koti moja) ya 1.5, ule mweupe wa mviringo watu wanafungia feni na extension. Nimeupata duka la vifaa vya umeme karibu na soko kuu, elfu mbili na mia mbili kwa mita, na mzee wa pale nilipomuomba nikwangue hakununa, alinipa kisu chake mwenyewe akasema "kwangua mjukuu wangu, macho hayana pazia". Nyekundu mpaka ndani. Mita 9 ikatoa 0.2 na kitu. Ule ubora wake mkubwa kwangu mimi hata sio namba, ni ile ngozi ya nje. Waya wa spika una ngozi moja nyembamba, huu una ngozi mbili, kore zake zimefunikwa tena na koti, hewa ya chumvi inapata tabu kuingia, ikiingia ni pale mwisho tu ulipomenya. Kasoro zake ni mbili. Ni mgumu kupita kwenye vibanio vya amplifaya za kisasa, vile vya kubonyeza, inabidi usokote vizuri upake risasi kidogo ncha iwe nyembamba. Na ya pili sio utani, mtu asiejua akikuta waya mweupe wenye kore ya kahawia na bluu atafikiri ni wa umeme, anaweza kuufungia plagi akachomeka ukutani, hapo unaaga spika na amplifaya pamoja na pengine nyumba. Mi nimeandika SPIKA kwa maka pen nyekundu kila baada ya mita, na watoto nimewaonyesha.

Na usichanganye na ule waya mgumu wa uzi mmoja wa kupitisha ndani ya ukuta. Muziki unapita vizuri tu, ila ukiukunja mara nyingi unakatika na kwenye vibanio unachomoka.

Wa nne ni wa shemeji yangu. Huyu shemeji anafanya kazi Dar, alinunua Kariakoo pea ya mita 3 kwa laki moja na ishirini, umesukwa kitambaa cheusi kama mkia wa farasi wa maonyesho, pini zake za dhahabu, na juu yake kuna mishale inayokuonyesha sauti ielekee wapi. Hii mishale ilituchekesha sana na fundi, maana umeme wa sauti unakwenda na kurudi mara maelfu kwa sekunde, sasa ukirudi unavunja sheria? Kwenye baadhi ya waya za AV, zile za kutoka kwenye TV kwenda kwenye amplifaya, mshale una maana, unaonyesha upande ambao ile nyavu ya nje imeunganishwa, ila kwenye waya wa spika ni pambo. Shemeji alikuja likizo, akaleta waya wake, akasema mtashangaa.

Tukapanga mtihani Jumapili mchana. Fundi nyuma ya pazia, yeye ndo anabadilisha waya na hasemi kitu. Mimi, shemeji na jirani mwingine tumekaa kwenye kochi kila mmoja na karatasi yake. Kitasa cha sauti tumekibandika tepu kisisogee, maana hii ndo janja ya wauzaji wote, anaekupigia kwa sauti kubwa kidogo ndo unaona wa kwake mzuri. Muziki tuliotumia ni taarab ya zamani yenye kanuni na fidla, hizo kamba za kanuni zinakuonyesha haraka kama huko juu kuna kitu kimekatwa, na dansi moja la zamani lenye gitaa la besi linalotembea.

Raundi ya kwanza waya wa sabufa na fleksibo ya 1.5, zote mita 9, kulia. Hapa hakuna ubishi, mi nilipata 9 kati ya 10, shemeji 9, jirani 8. Anaesema waya wote ni sawa aje asikie hili. Lakini tofauti yenyewe sio ya kichawi, ni kwamba upande mmoja unashuka na gitaa la besi linakuwa na matope.

Raundi ya pili fleksibo na waya wa laki na ishirini. Kwa kuwa wa shemeji ni mita 3 tu ikabidi tubebe amplifaya tuiweke katikati kwenye stuli, na fleksibo tukate mita 3 pia ili iwe haki. Fundi akaweka wa kwanza, kanuni inalia vizuri, taarab imejaa chumba. Akaweka wa pili. Besi yote ikapotea! Mwimbaji hajulikani yuko wapi, kama anaimbia chooni. Shemeji akaruka kutoka kwenye kochi, "si niliwaambia! Huo ndo waya wenu wa feni huo!" Na mimi kwa kweli nikanyong'onyea. Fundi akachungulia nyuma ya pazia, kimya kidogo, akasema "samahani mabosi, nimegeuza." Kahawia na bluu kwenye spika ya kulia alikuwa amezipachika kinyume, koni moja inasukuma mbele nyingine inavuta nyuma, besi zinauana zenyewe hewani. Akarekebisha. Besi ikarudi yote. Tukaanza upya kuhesabu, na hapa umeme nao ukakatika kama dakika arobaini, tukanywa chai.

Uliporudi tukafanya mara 10. Mimi 5, jirani 6, shemeji mwenye waya wake 4. Mtu akirusha shilingi angepata hivyohivyo. Shemeji akasema masikio yalikuwa yamechoka. Tukarudia jioni baada ya magharibi, akapata 5.

Wala sio sisi wa kwanza. Mwaka 2007 yule mwanamazingaombwe wa Marekani James Randi alisema atatoa dola milioni 1 kwa mtu atakaeweza kutofautisha kwa masikio waya wa spika wa dola 7,250 na waya wa bei ya chini yake. Zawadi yake ile ikafungwa 2015 hakuna aliewahi kuichukua. Mi nikimsimulia shemeji anasema Randi hakuwa na redio nzuri.

Kitu kimoja nakubali kwenye waya wa shemeji ni zile pini za dhahabu. Watu wanadhani dhahabu inapitisha umeme kuliko kopa, hapana, kopa inaishinda. Ila dhahabu haishiki kutu, na kwa sisi tunaokaa na bahari mlangoni hiyo ni faida ya kweli. Kwaiyo nimenunua pini zenyewe tu, pea nne elfu kumi na mbili, nikafunga kwenye fleksibo yangu. Kama ni dhahabu ya kweli au rangi tu, nitaiona msimu wa mvua ukipita.

Sasa waya za AV, zile za kutoka kwenye TV au deki kwenda kwenye amplifaya, nyekundu na nyeupe. Hapa sitakaa sana. Pini zile zinaitwa RCA kwa sababu ya kampuni ya zamani ya Marekani, Radio Corporation of America, ni teknolojia ya bibi na bado ipo. Ile ya elfu mbili ukiipasua, ule ukuta wa waya wa nje unaotakiwa kuzuia makelele una nyuzi kumi hivi zimelala upande mmoja, ukiipitisha karibu na chaja ya simu unasikia tiiii. Ya elfu saba ina nyavu iliyosukwa kweli, kelele hakuna. Hapo lipa elfu tano ya ziada. Ukiwa na seti ya rangi tatu na moja imekufa, ule wa njano unapitisha sauti vizuri tu, usitupe. Ila ule mngurumo mzito wa mmmm usioisha, kabla hujanunua waya mpya chomoa kwanza ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kwangu uliponyamaza palepale nikajua nilikuwa nasingizia waya, kumbe umeme wa ardhini ulikuwa unazunguka kutoka kwenye dishi kuja kwenye TV mpaka kwenye amplifaya. Dishi likiwa limechomolewa ndo nasikiliza muziki, maisha yanaendelea.

Kwaiyo mimi nimebaki na fleksibo ya 1.5, mita 9 kulia na mita 9 kushoto. Kushoto nimekata mrefu hivyohivyo makusudi, ili pande zote ziwe na ukinzani mmoja, huo wa ziada umepita nyuma ya kabati kama nyoka, haujafungwa roli. Gharama ya mita 18 ni elfu 39 na mia sita. Viungio katikati hakuna kabisa. Ncha nimezipaka risasi, na kila baada ya miezi minne mitano nakata sentimita moja namenya upya. Ukiwa na spika za omu 4 au unapitisha mita 15 kwenda barazani, panda 2.5, usiumize kichwa.

Shemeji alirudi Dar na waya wake, tulimsindikiza stendi, akanambia nikipata amplifaya bora nitausikia. Nikamwambia sawa shem. Mama watoto yeye hajasema chochote kuhusu besi wala kanuni, ila ule waya mnene wa alumini ameuona kule stoo, na tangu juzi umefungwa kutoka kwenye nguzo ya jiko mpaka kwenye mnazi, umeanikwa kanga tatu na shuka.